Neno Gumu Halishindi Msomaji: Jinsi ya Kumiliki Msamiati wa Vitabu Teule

Utangulizi

Chukua karatasi yoyote ya pili ya Kiswahili (102/2) ya mtihani wa KCSE. Tazama maswali ya ufahamu mpaka la mwisho. Mara nyingi utakuta umeagizwa kueleza maana ya maneno fulani kama yalivyotumika katika kifungu. Kisha chukua karatasi ya tatu (102/3), ya fasihi. Katika sehemu ya ushairi, swali la aina hiyo linaweza kukukuta tena.

Ufahamu wote una alama 15, na swali la msamiati huchukua chache tu kati ya hizo. Usizidharau. Mwanafunzi asiyejua maneno hapotezi alama za swali hilo pekee. Hupoteza pia alama za maswali mengine, kwa maana huwezi kueleza ujumbe wa aya ambayo maneno yake yamekupita. Vivyo hivyo, huwezi kumchambua mhusika wa tamthilia iwapo hujui kama neno alilotamka ni la kusifu au la kukejeli.

Wanaosahihisha mitihani hukutana na makosa matatu yanayojirudia katika swali hili:

1. Mtahiniwa anaacha pengo kwa sababu neno ni geni kwake.
2. Mtahiniwa anaandika maana aliyoikariri, lakini siyo iliyokusudiwa katika kifungu.
3. Mtahiniwa analijua neno vizuri, ila anatoa jibu ambalo haliingii katika sentensi. Ameulizwa kitenzi, amejibu kwa nomino. Ameulizwa wingi, amejibu kwa umoja.

Sehemu hii ya mwongozo inakufunza kuyaepuka makosa hayo. Jambo kuu la kushika ni hili: hujalijua neno mpaka uweze kulitia katika sentensi yako mwenyewe likakaa. Maana hukufungulia mlango, kisawe hukuonyesha jirani wa neno hilo, lakini sentensi ndiyo ushahidi kwamba neno sasa ni lako.

Kiswahili cha sokoni na Kiswahili cha kitabuni

Wewe unayesoma Bura, Hola au Garsen umezaliwa mahali ambapo Kiswahili hakina haja ya kupigiwa hodi. Wapokomo, Waorma, Wasomali na Wamunyoyaya wakikutana sokoni hupatana bei ya mbuzi, mahindi na ndizi kwa Kiswahili. Hii ni neema, lakini ina mtego wake. Kiswahili cha sokoni kinakutosha kununua unga na kuulizia gari la Garissa. Hakikutoshi kusoma riwaya. Mwanafunzi anayejiambia, "Kiswahili ni chetu sisi watu wa Pwani," hufika mtihanini akagundua kuwa hajawahi kufungua kamusi.

Upo mtego wa pili, kinyume cha huo. Mwanafunzi ambaye nyumbani huzungumza Kiorma au Kisomali hudhani kwamba Kiswahili ni mali ya wengine, hivyo ameshashindwa kabla ya kuanza. Hilo nalo si kweli. Kila mmoja wenu ana hazina yake.

Kama nyumbani mnazungumza Kipokomo, jua kwamba wanaisimu wanakiweka Kipokomo katika kundi moja na Kiswahili, Kimijikenda, Kiilwana na Kikomoro. Kundi hilo huitwa Sabaki, jina la mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Ndiyo maana maneno mengi ya kitabuni utayasikia kama sauti ya bibi yako. Hata hivyo, ndugu hawavai kanzu moja: neno linaweza kufanana na la nyumbani lakini likawa na maana tofauti. Lipime kwanza katika kamusi.

Kama umepitia madrasa, una ufunguo mwingine. Maneno mengi ya Kiswahili yana asili ya Kiarabu, na ukijua neno moja la ukoo unaweza kuwatambua ndugu zake. Elimu, mwalimu, taaluma na ulamaa ni ukoo mmoja, nao unahusu kujua. Kitabu, katibu, maktaba na katiba ni ukoo mwingine, nao unahusu kuandika. Lakini usikimbilie sauti tu. Kutubu kunasikika kama ndugu ya kitabu, ilhali asili yake ni nyingine kabisa: kutubu ni kujutia kosa na kuliacha.

Anza na jalada

Kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, soma anwani. Anwani za vitabu teule zenyewe ni darasa la msamiati.

Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyowahi kuwa kitabu teule. Ukitafuta neno hili katika kamusi utapata zaidi ya maana moja. Kigogo ni gogo dogo la mti. Kigogo pia ni mtu mwenye madaraka au uwezo mkubwa. Tena Kigogo ni lugha ya Wagogo wa Tanzania. Je, mtunzi amekusudia ipi? Kamusi peke yake haiwezi kukujibu. Tamthilia inayohusu utawala na wanaoupinga ndiyo inayokuchagulia maana ya pili.

Nguu za Jadi, riwaya ya Clara Momanyi. Nguu ni vilele vya milima. Jadi ni asili ya watu, na pia mambo waliyoyarithi kutoka kwa wazee wao. Sasa jiulize: jadi inawezaje kuwa na vilele? Mlima hukuzuia usione ng'ambo, na kuukwea kunachosha. Mwanafunzi anayeanza na maana ya kamusi, kisha akajiuliza swali hilo, ameshaingia katika maudhui kabla ya kusoma sura ya kwanza.

Mapambazuko ya Machweo, anwani ya mkusanyiko wa hadithi fupi. Mapambazuko ni wakati kunapokucha. Machweo ni wakati jua linapozama. Maneno mawili yanayopingana yamefungwa kamba moja, na hilo si bure. Angalia pia herufi moja tu inavyoweza kukupoteza: macheo ni kuchomoza kwa jua, machweo ni kuzama kwake. La kwanza linatokana na kucha, la pili na kuchwa. Ukikumbuka vitenzi hivyo viwili hutayachanganya tena.

Hatua tano za kulishika neno

Hatua ya 1: Lirudishe neno kwao. Kamusi haiorodheshi kila umbo la neno. Ukikuta kingo, ukatafuta chini ya herufi K, huenda usipate unachotaka. Kingo ni wingi wa ukingo, na nomino huingizwa kwa umoja. Nyufa utazipata kwenye ufa, ndimi kwenye ulimi. Kitenzi nacho kivue viambishi vyake: waliofarakanishwa kitafute kwenye farakana. Wengi husema kamusi haina neno, kumbe wao ndio waliogonga mlango usio wake.

Hatua ya 2: Soma maana zote, kisha chagua moja. Usisimame kwenye maana ya kwanza. Rudi kwenye sentensi ya kitabu, uweke kila maana mahali pa neno, uone ipi inakaa.

Hatua ya 3: Pima kisawe. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza na TUKI mwaka 1981, hukupa maana. Kamusi ya Visawe ya Mohammed A. Mohamed na Said A. Mohamed, ya mwaka 1998, hukupa maneno yenye maana zinazokaribiana. Tunasema zinazokaribiana kwa sababu visawe ni majirani, si mapacha. Chukua kufa, kufariki na kuaga dunia. Mfugaji wa Bura akipoteza ng'ombe wakati wa ukame atasema ng'ombe wamekufa. Akisema ng'ombe wameaga dunia, watu watacheka, maana kuaga ni kwa binadamu. Kwa upande mwingine, ukienda matangani ukasema "mzee amekufa" mbele ya wafiwa, utaonekana huna adabu. Maana ni moja, ila mahali pa kila neno si pamoja.

Vivyo hivyo kiangazi na ukame. Kiangazi ni msimu wa jua, huja na kupita kila mwaka. Ukame ni kukosekana kwa mvua kulikopita kiasi. Mafuriko nayo ni maji kujaa na kuenea pasipo kawaida, lakini gharika ni mafuriko makubwa ya maangamizi. Mwandishi anayechagua gharika anakuambia ukubwa wa msiba.

Hatua ya 4: Tazama ukoo wa neno. Kutoka hasimu unapata uhasama na kuhasimiana. Kutoka fumba unapata fumbo na fumbua. Neno moja likikuletea mengine mawili, umevuna mara tatu kwa kupanda mara moja.

Hatua ya 5: Tunga sentensi yako. Isiwe ya kuazima kutoka kamusini. Iwe ya mto, mfereji, bweni, malisho au uwanja wenu wa mpira. Tena sentensi yenyewe ionyeshe maana. "Hii ni ajizi" haionyeshi lolote, kwani unaweza kuondoa ajizi ukaweka sufuria na sentensi bado ikasimama.

Mfano wa ukurasa wa daftari

Tenga daftari moja la msamiati. Kila neno lipewe nafasi kama hii:

Neno: ajizi
Aina: nomino
Maana: ulegevu wa kutenda, tabia ya kuahirisha jambo linalopaswa kufanywa
Visawe: uvivu, uzembe, ulegevu
Kinyume: bidii
Methali: Ajizi nyumba ya njaa.
Sentensi yangu: Kwa sababu ya ajizi, hakuzibua mfereji wake mapema, na maji yalipofunguliwa hayakufika kwenye mahindi yake.

Angalia sentensi hiyo. Hata asiyejua neno ajizi anaweza kulikisia kutokana na yaliyompata mkulima. Hiyo ndiyo sentensi inayofaa.

Ukikosa kamusi: soma dalili

Mtihanini hutakuwa na kamusi. Hata darasani huenda kamusi ni moja na mikono ni arubaini. Kwa hiyo jizoeze kusoma dalili zilizo ndani ya kifungu. Soma kifungu hiki:

Mto ulipovunja kingo usiku, wakulima wa bondeni hawakupata muhula wa kukusanya hata mikeka. Maji waliyoyatazamia kwa hamu msimu mzima yaligeuka shubiri. Wafugaji waliokaa juu, kwenye ardhi iliyoinuka, waliwapokea bila ajizi. Papo hapo wakawapa maziwa na maturubai. Waliokuwa mahasimu kwa ajili ya malka, ile njia ya mifugo kufikia maji, sasa walilala chini ya turubai moja kama ndugu. Asubuhi mzee mmoja aliitazama migomba yake iliyolala topeni, akashusha pumzi. "Mto hauna inda na mtu," alisema, "lakini pia haumngoji mtu."

Sasa tuyachambue maneno sita.

Muhula. Wewe unalijua kama kipindi cha masomo cha shule. Ukiandika hivyo hapa, umekosa. Wakulima hawakuwa shuleni. Dalili ni usiku, na kushindwa kuokoa hata mikeka. Jibu: muda, au nafasi.

Shubiri. Kamusi itakwambia ni dawa chungu itokanayo na mshubiri. Maji ya mto hayakugeuka dawa. Neno lililotangulia, hamu, linakuonyesha kinyume: kilichotazamiwa kwa furaha kimeleta uchungu. Jibu: mateso, au jambo chungu. Usilichanganye na shibiri, ambayo ni kipimo cha urefu kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo mkono ukiwa umekunjuliwa.

Ajizi. Umeshaliona katika daftari. Lakini ukiweka uvivu hapa, sentensi inachechemea: "waliwapokea bila uvivu." Dalili ni papo hapo. Jibu: kusita, au kuchelewa. Kisawe kilichofaa kwa mkulima wa mfereji hakikufaa kwa wafugaji hawa. Neno ni lile lile. Mahali ndipo palipobadilika.

Mahasimu. Dalili ni sasa na kama ndugu, maneno yanayokuonyesha kwamba zamani hali ilikuwa kinyume. Jibu: maadui, au wapinzani. Ukiandika uadui, umetoa jina la hali badala la watu. Ukiandika adui, umepunguza watu wengi kuwa mmoja. Jibu lako livae nguo ile ile ya neno uliloulizwa.

Malka. Hili ni neno linalotumika huku kwetu Tana River, na huenda usilipate katika kamusi uliyo nayo. Usihangaike. Mwandishi amelieleza mara tu baada ya kulitaja: njia ya mifugo kufikia maji. Waandishi hufanya hivyo mara nyingi. Kabla ya kusema neno limekushinda, soma maneno matano yanayofuata.

Inda. Mzee ameona hasara, lakini hamlaumu mto. Kwa hiyo inda ni kitu kibaya ambacho mto ungeweza kulaumiwa nacho. Jibu: roho mbaya, au nia ya kumuudhi mtu.

Umeona? Maneno manne kati ya sita ungeweza kuyakisia kwa dalili tu, na mawili yangekuponza kwa sababu ulidhani unayajua. Neno unalodhani unalijua huhitaji uangalifu zaidi kuliko lile usilolijua kabisa.

Kabla ya kuandika jibu lolote mtihanini, fanya jaribio hili la nukta chache: lisome jibu lako ndani ya sentensi ya kifungu badala ya neno lililoulizwa. Likikaa, andika. Likichechemea, tafuta jingine. Na hata kama huna uhakika, usiache pengo. Pengo halina alama.

Namna ya kutosahau

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kukumbuka na kusahau. Alionyesha kwamba tunasahau sehemu kubwa ya tulichojifunza mapema sana, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunafaa kuliko kukariri kwingi kwa mkupuo mmoja. Hili linamgusa moja kwa moja mwanafunzi anayengoja wiki ya mtihani ndipo akeshe na orodha ya maneno mia mbili.

Fanya hivi badala yake. Andika maneno 5 kila siku ya masomo, utapata 25 kwa wiki. Katika wiki 10 utakuwa na maneno 250, bila kukesha hata usiku mmoja. Rudia kila neno kesho yake, kisha baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi. Unaporudia, funika maana kwa mkono, utunge sentensi mpya. Ukishindwa kutunga, neno hilo bado si lako. Lirudishe kwenye orodha ya kesho.

Mkiwa na kamusi moja, gawaneni kazi. Wanafunzi watano, kila mmoja alete neno moja kutoka sura mliyosoma, alieleze, atoe kisawe na sentensi. Wengine waipinge sentensi hiyo kama haikai. Mabishano ya dakika kumi chini ya mti hufundisha zaidi ya kunakili kurasa tatu.

Zoezi

1. Taja umbo la neno utakalotafuta katika kamusi: (a) nyuso (b) mahasimu (c) walivyokumbatiana.

2. Chagua neno linalofaa, utoe sababu: (a) Punda wa jirani (aliaga dunia, alikufa) kwa kukosa maji. (b) Huwa tunatarajia (kiangazi, ukame) kila mwaka baada ya mvua kuisha.

3. Jaza pengo kwa macheo au machweo: Wachungaji waliondoka wakati wa ______ wakarudi na mifugo wakati wa ______.

4. Tunga sentensi inayodhihirisha maana ya kila neno: uhasama, inda, gharika.

Majibu ya kukuelekeza

1. (a) uso (b) hasimu (c) kumbatia.

2. (a) alikufa, kuaga dunia hutumiwa kwa binadamu. (b) kiangazi, ni msimu unaokuja kila mwaka, ilhali ukame si wa kutarajiwa hivyo.

3. macheo, machweo.

4. Mpe mwenzako sentensi zako ukiwa umeacha pengo mahali pa neno. Akiweza kulitaja neno lililokosekana, sentensi yako inafaa. Akitaja jingine, iboreshe, kisha umjaribu tena.